Kumwingiza jogoo mpya kwenye kundi la kuku wa ufugaji huria

Tetea hahitaji jogoo ili atage. Akifikia umri wake atataga, dume awepo asiwepo, na mayai hayaongezeki hata moja kwa sababu kuna anayewika bandani. Wengi huleta jogoo wakitarajia mayai zaidi, kisha wiki mbili za mwanzo wanaokota machache kuliko walivyozoea, na lawama zinamwangukia mgeni wa watu bure.

Anacholeta jogoo ni kingine. Kwanza mbegu, kama unataka vifaranga. Pili jicho: kuku wa huria wakiwa wameinamisha vichwa wanachakura, yeye husimama shingo juu. Akiona mwewe hutoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, na kundi zima huzama vichakani; akiona mnyama wa ardhini, mlio ni wa kukatakata na matetea huinua vichwa badala ya kujificha. Asizidishiwe sifa, lakini. Jogoo hutoa onyo, hamshindi mbwa. Tatu, huweka utaratibu: huamua ugomvi wa matetea, huwaita akipata chakula, na jioni huwaongoza kurudi.

Cha kulipia ni kelele. Jogoo hawiki alfajiri tu. Huwika mchana kutwa, na usiku akishtushwa na taa. Banda lenye giza zito litamchelewesha kidogo asubuhi, basi. Zipo sehemu ambako kufuga jogoo katikati ya makazi kumekatazwa, kwa hiyo uliza kanuni za mtaa wako na uzungumze na majirani kabla ya kumnunua, si baada ya wiki ya kwanza ya kuwika.

Hesabu kabla ya kununua

Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 12. Wa jamii nzito, wenye mwili mkubwa na mwendo wa pole, wape karibu na 8. Wepesi wanamudu 12 na zaidi. Kundi lenye matetea wanne au watano halina nafasi ya jogoo, hata kama uwanja ni mpana. Ukubwa wa uwanja hauwasaidii: atawapanda walewale mara nyingi kwa siku, manyoya ya mgongo yatakatika, ngozi itachubuka, na kuku wakiona damu hudonoa papo hapo. Hata penye matetea kumi jogoo huwa na vipenzi wake wawili watatu, na hao ndio watakaoonekana wamepauka migongo. Ukiwa na wachache, ongeza matetea kwanza.

Angalia na uzito. Jogoo mwenye uzito zaidi ya mara mbili ya matetea wako atawaumiza hata akiwa mpole, kwa sababu anaposimama mgongoni uzito wote unaegemea makucha.

Umri ni suala la kupima. Pora, yaani jogoo mchanga, wa miezi mitano au sita anaweza tayari kupanda, ila kwa matetea wa miaka miwili ni mtoto. Watampiga, watamfukuza kwenye chakula, na inaweza kuchukua miezi kadhaa kabla hawajamkubali. Hilo si baya. Pora aliyefunzwa adabu na matetea wazee mara nyingi hugeuka jogoo mstaarabu kuliko yule aliyekulia na mapora wenzake watupu, asiyejua ila kurukia. Ukitaka mbegu mapema na fujo kidogo, tafuta wa mwaka mmoja hadi miwili ambaye tayari ameishi na matetea.

Namna ya kumkagua

Usichague kwa rangi ya mkia. Kaa robo saa umtazame akiwa na matetea wake huko anakotoka. Tupa konzi ya nafaka. Jogoo mwema huokota punje, huiachia, huiokota tena huku akitoa sauti ya haraka ya kuita, na huwaacha matetea wale. Anayekimbilia chakula na kuwadonoa wanaokaribia atafanya hivyohivyo kwako. Angalia pia kama huzunguka tetea ameshusha bawa moja, akipiga hatua za ubavu, kabla ya kupanda, au hukimbiza tu na kukamata shingo.

Kisha mwombe muuzaji amkamate. Ukimshika vizuri, mabawa yakiwa yamebanwa kwapani na miguu mkononi, anapaswa kutulia ndani ya dakika moja au mbili. Sasa mkague kutoka juu kwenda chini. Kilemba, au upanga kama wengine wanavyouita, kiwe chekundu, si cha rangi ya zambarau wala kilichopauka. Macho yawe makavu na yang'ae, bila povu pembeni. Pua zisiwe na utando. Mpapase kidari: mfupa wa katikati unyooke, na nyama iujaze pande zote mbili, ukiushika kama makali ya kisu, ana njaa ya muda mrefu au minyoo. Pekua manyoya ya sehemu ya haja na chini ya mabawa. Chawa huonekana wakikimbia, na mayai yao hujibandika kwenye mashina ya manyoya kama punje za chumvi iliyoganda.

Miguu ndiyo inayosahaulika. Magamba yalale chini, laini, kama vigae vya paa. Yakiwa yameinuka, yamekauka na kuota ukoko mweupe, kuna utitiri ndani yake, na utawaambukiza wengine wanapolala bega kwa bega. Unatibika, lakini ujue unanunua na kazi. Geuza unyayo: kovu jeusi lililovimba ni jipu, na jogoo mwenye maumivu ya mguu hapandi.

Uliza maswali mawili tu: amechanjwa nini, na kwa nini anauzwa. La pili lisikilize kwa makini. Jibu la kwamba majogoo wamezidi linaeleweka. Akisita au akicheka, angalia mikono na miguu ya watoto wa nyumba hiyo kama ina makovu.

Na usichukue jogoo aliyetoka kwenye mayai ya matetea wako mwenyewe kama unakusudia kuzalisha. Mama na dada zake si wake zake. Vizazi viwili vya namna hiyo vinatosha kuanza kuona mayai yasiyoanguliwa na vifaranga dhaifu.

Karantini ni siku 30

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Jogoo anaonekana mzima, anakula, anatembea kifua mbele, na mfugaji anaona aibu kumfungia. Shida ni kwamba baadhi ya magonjwa ya njia ya hewa, kama mafua ya kuku na maikoplazma, huacha vimelea ndani ya kuku aliyekwisha kupona. Haumwi tena, ila anaambukiza. Kideri nacho kinaweza kukaa hadi wiki mbili hivi tangu kuingia mwilini kabla dalili hazijaonekana. Siku tatu za kumtazama hazikuambii lolote.

Mweke mbali na kundi, mita 10 ikiwa hakuna pengine, na kadiri unavyoweza kuzidisha ndivyo bora, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwao. Kizimba cha mita moja na nusu kwa mita moja, chenye paa, kivuli na ufito wa kulalia sentimita 40 kutoka chini, kinamtosha kwa mwezi. Vyombo vya maji na chakula viwe vyake peke yake. Kila siku hudumia kundi lako kwanza, yeye awe wa mwisho, na viatu vya kuingilia kwake visikanyage uwanja wa wengine. Mavi na matandiko yake yafukie au yachome, usiyamwage kwenye lundo la mbolea ambalo kuku hulichakura.

Siku ya kwanza mpe maji tu na umwache kwa saa kadhaa apoe na safari, kisha chakula. Msafirishe asubuhi mapema au jioni, ndani ya boksi lenye matundu. Kumning'iniza kichwa chini kwa safari nzima humbana pumzi. Asipowika usishangae. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na siku tatu nne za mwanzo methali hiyo huwa kweli tupu.

Katika wiki hizo nne fanya haya kwa mpangilio huu.

Wiki ya kwanza, usiku, mwendee kimya bila taa na umsikilize. Kuku mzima anapumua bila sauti. Mkoromo, mlio kama wa maji kooni au kupiga chafya mara kwa mara ni sababu ya kumwita daktari wa mifugo, na mara nyingi ni sababu ya kumrudisha alikotoka. Wiki hiyohiyo mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na umpulizie au umpake dawa ya chawa na utitiri. Rudia ya chawa baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa huua walio hai na kuacha mayai, na kufikia hapo mayai yameanguliwa. Anayetibu mara moja hatibu. Kama miguu ina ukoko, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa mswaki mkuukuu bila kung'oa magamba, kausha, kisha paka mafuta ya mgando hadi yaingie kati ya magamba. Mafuta huziba hewa na utitiri hufa. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne.

Wiki ya pili, chanjo anazokosa, kwa ushauri wa daktari. Usimchanje siku aliyofika. Mwili uliochoka na safari haujengi kinga vizuri.

Wiki ya tatu, chukua tetea mmoja kutoka kundini, usiyempenda sana, umweke naye. Huyu ni kipimo. Kama jogoo amebeba ugonjwa uliojificha, mara nyingi tetea ataugua ndani ya siku kumi na nne na utakuwa umepoteza mmoja badala ya wote. Inaonekana ukatili kidogo, lakini hakuna kipimo rahisi kinachoikaribia. Faida ya pili ni kwamba jogoo ataingia kundini akiwa tayari ana mwenyeji wake.

Waonane kupitia waya

Mwezi ukiisha salama, msogeze. Jenga kizimba kinachopakana na banda la kundi, au kigawe kipande cha banda lenyewe kwa wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 2.5. Matundu makubwa zaidi hupitisha vichwa, na vichwa vinavyopita ndivyo vinavyokatwa vilemba. Nusu mita ya chini iwe imara kwa sababu watajirusha.

Akae hapo siku 7 hadi 10. Kazi mbili zinafanyika kwa wakati mmoja: kundi linamzoea, naye anajifunza kwamba hapa ndipo nyumbani. Ya pili haizungumzwi vya kutosha. Jogoo wa huria aliyeachiliwa siku ya kwanza hajui banda ni lipi. Jioni atapanda mti, au atafuata sauti ya kuku wa jirani, na wengine hawarudi.

Weka chakula pande zote mbili za waya, usawa mmoja, ili wale wakitazamana. Siku za mwanzo utaona manyoya ya shingo yamesimama, vifua vimegusana na waya, mrukio mmoja miwili. Siku ya nne au ya tano matetea watakuwa wamelala wanaoga vumbi karibu na kizimba chake, naye anaokota punje na kuita. Hapo mambo yanakwenda. Kama siku ya kumi bado kuna tetea anayeshinda kwenye waya akipigana, ongeza siku tano.

Wakati huo tayarisha banda. Ongeza chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji kuliko mahitaji, na uvitawanye mita tatu au zaidi, sehemu ambazo mmoja hawezi kuvilinda vyote. Kila kuku apate sentimita 25 za ufito, na uache nusu mita ya ziada. Jogoo mzito asilalie juu zaidi ya sentimita 60 au 70, la sivyo weka ngazi; jipu la unyayo huanzia pale anaporuka alfajiri na kutua kwenye sakafu ngumu. Hakikisha mlango mdogo wa kuku una kimo cha sentimita 40 hivi, maana kilemba kikubwa hukwaruzwa kila anapopita. Na ndani ya banda pasiwe na kona iliyoziba, ambako anayekimbizwa hana pa kutokea. Egemeza ubao au weka kreti ili apate pa kuzungukia.

Siku ya kumwachilia

Kuna ushauri wa zamani wa kumweka mgeni kwenye ufito usiku ili asubuhi waamke wakidhani alikuwepo siku zote. Kuku hawadanganyiki kirahisi hivyo. Usiku huleta utulivu kwa sababu hawaoni gizani, lakini kukicha wako ndani ya chumba kimoja kidogo na hakuna anayeweza kukimbia. Kwa matetea wageni wawili watatu mbinu hiyo hupita. Kwa jogoo, na ukiwa na uwanja, tumia uwanja.

Chagua siku utakayoshinda nyumbani. Wafungulie matetea asubuhi kama kawaida, waache watawanyike kwa saa moja na washibe. Tupa nafaka kidogo sehemu nne tano, mbalimbali. Kisha fungua kizimba na uondoke. Usimtoe kwa mikono, wala usimbebe hadi katikati yao. Atoke mwenyewe.

Mara nyingi huwa hivi. Anasimama mlangoni, anajikung'uta, anawika. Tetea mkuu, yule wa kwanza kwenye chakula, anamjia akiwa amenyoosha shingo na kufungua manyoya yake kama kola. Wanatazamana, vichwa vikipanda na kushuka pamoja. Wanaruka, miguu mbele, mara mbili au tatu, kisha mmoja anageuza kichwa pembeni au anainama. Jogoo aliyekomaa kwa kawaida hushinda kwa dakika mbili, na baada ya hapo hushusha bawa na kumzunguka. Wengine wanaotazama wamekwisha kuelewa. Pora ndiye hukimbia, na tetea mkuu humfukuza mita kumi au ishirini kisha hurudi kula. Hiyo nayo ni kawaida. Maadamu anayekimbia ana pa kukimbilia, usiingilie.

Ingilia kwa mambo matatu tu: damu, mmoja kubanwa kwenye kona na kupigwa kichwani bila kupambana, au matetea watatu na zaidi kumshambulia kwa pamoja. Mtenge aliyeumia, safisha jeraha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, na usimrudishe hadi ukoko mwekundu usionekane. Tetea mmoja akiwa ndiye chanzo cha kila ugomvi, mtoe yeye, si jogoo. Mfungie siku nne mahali asipowaona wenzake. Akirudi atakuwa amepoteza cheo na atajipanga upya.

Jioni ya kwanza simama karibu na banda nusu saa kabla ya giza. Asipofuata wengine, msindikize taratibu kwa fimbo ndefu iliyoelekezwa chini, ukimzunguka kwa nyuma. Kama wanamzuia kwenye ufito, subiri giza liingie kabisa ndipo umpandishe. Kesho yake fungua banda kukipambazuka, usichelewe. Kufungiwa saa mbili baada ya jua kutoka huleta ugomvi mwingi kuliko siku nzima ya uwanjani.

Wiki za mwanzo

Mayai yatapungua kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Baadhi ya matetea wataacha viota na kutaga vichakani. Ugomvi ukishatulia, wafungie ndani hadi saa nne asubuhi kwa siku tatu nne na watarudi.

Suala la chakula lina mtego. Chakula cha kuku wa mayai kina madini ya chokaa ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda. Jogoo hatagi, kwa hiyo hana pa kuyapeleka, na kwa miezi mingi figo zake ndizo zinazobeba mzigo. Kwa kundi la mchanganyiko ni afadhali kuwapa wote chakula cha kukuzia chenye protini ya asilimia 16 hivi, na kuweka maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake. Matetea watajichukulia kadiri wanavyohitaji. Yeye atadonoa mara moja na kuyaacha. Na mtazame anavyokula. Majogoo wema kupita kiasi huita wengine mpaka wao wenyewe wanakonda. Mpapase kidari kila baada ya wiki mbili, na kama kimechongoka mlishe pembeni jioni.

Kila wiki kagua migongo ya matetea, pamoja na nyuma ya kichwa anaposhikilia kwa mdomo. Manyoya yakianza kukatika, anza na makucha yake. Mshike usiku akiwa ametulia, kata ncha za makucha kwa kikatio na uzilainishe kwa tupa. Miiba ya nyuma ya miguu ni kazi nyingine: ndani yake kuna mfupa ulio hai wenye damu, kwa hiyo ondoa ncha tu, uache sentimita moja na nusu au zaidi, na uifanye iwe butu. Ukipita kiasi na damu ikatoka, bana kwa wanga mkavu hadi ikatike. Tetea aliyekwisha kuchubuka mvalishe kizibao cha kitambaa kigumu, kama sentimita 20 kwa 20, chenye kanda za mpira zinazopita chini ya mabawa. Mvue kila wiki na umkague, maana chawa hupenda sana mahali hapo. Migongo ikizidi kuharibika baada ya yote hayo, ama matetea ni wachache ama jogoo ni mkali, na dawa ni kupunguza siku zake: mtenge siku tatu, mrudishe mbili. Mbegu haitakosekana.

Kama tayari kuna jogoo

Usiwaweke pamoja majogoo wawili waliokomaa wasiojuana ukitumaini watazoeana. Watapigana, na wakati mwingine hadi mmoja afe. Kama unabadilisha, mtoe wa zamani siku ile unayomhamishia mpya kwenye kizimba cha waya, na umpeleke mbali asikosikika. Kama unataka wawili, uwe na matetea zaidi ya 20, vyombo vya chakula pande mbili za uwanja, na ikiwezekana mabanda mawili, ili kila mmoja awe na mji wake. Njia yenye amani zaidi ni pora anayekulia chini ya jogoo mzee. Huyo hukua akijua mpaka wake, ingawa siku mzee atakapodhoofika mpaka huo utasogezwa.

Akikugeukia wewe

Dalili huanza kabla ya shambulio: anakuja ubavu ubavu, anashusha bawa mbele ya mguu wako, anadonoa kiatu. Ukirudi nyuma umemwambia ameshinda. Ukimpiga teke umemwambia wewe ni jogoo mwenzake, na atarudi kesho na nguvu mpya. Piga hatua moja mbele, taratibu, hadi asogee yeye. Akirukia, mkamate, mbane kwapani, na uendelee na shughuli zako naye dakika kumi mbele ya matetea wake. Rudia kila anapojaribu, kwa wiki mbili. Usimlishe mkononi wala kumzoesha kurukia mikono akiwa mdogo. Wengi wa majogoo wakali walikuwa vifaranga wa kuchezewa.

Asiyebadilika baada ya hapo, na hasa penye watoto, aende chunguni. Mwiba wa jogoo anayeruka hufika usawa wa jicho la mtoto wa miaka miwili. Wala usitotoleshe mayai yake, kwa kuwa ukali hurithiwa.

Mbegu

Yai hurutubishwa juu kabisa ya mrija wa uzazi, robo saa hivi baada ya kiini kutoka kwenye ovari, kabla ute na ganda havijaongezwa. Safari nzima ni kama saa 25, kwa hiyo yai la siku ileile tetea alipopandwa haliwezi kuwa na mbegu. Subiri siku 10 tangu uone jogoo anapanda bila kizuizi, ndipo uanze kuokota ya kutotolesha. Kama kulikuwa na jogoo mwingine, subiri wiki tatu hadi nne, kwani tetea huhifadhi mbegu za dume ndani yake kwa wiki mbili na hata tatu. Vifaranga vya mapema vinaweza kuwa vya aliyeondoka.

Mayai ya kula hayabadiliki ladha, mradi uyaokote kila siku na usiyaache kwenye kiota chenye joto au chini ya tetea anayeatamia. Ya kutotolesha yahifadhi mahali pa baridi, nyuzi 15 hivi, ncha nyembamba chini, kwa siku zisizozidi saba.

Usipoteze siku 21 kwa kubahatisha. Vunja mayai matano au sita ya matetea tofauti kwenye sahani nyeupe na utazame kidoa kilicho juu ya kiini. Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo cheupe, kilichojaa, chenye kingo zisizo sawa. Lenye mbegu lina kidoa kipana zaidi, milimita nne au tano, chenye pete nyeupe iliyozunguka sehemu angavu, kama shabaha. Mayai matano kati ya sita yakiwa na pete, weka mengine chini ya tetea, na siku ya saba yamulike gizani: mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui maana yake kiinitete kiko hai.

Pete isipoonekana baada ya wiki tatu, tafuta sababu kabla ya kumfukuza. Joto kali linalozidi nyuzi 32 kwa siku mfululizo hupunguza mbegu, na hurudi hali ya hewa ikipoa. Manyoya mengi ya malaika kwenye sehemu ya haja huzuia viungo kugusana. Yapunguze kwa mkasi, yake na ya matetea. Unene, maumivu ya mguu na utitiri wa bandani, ule unaotoka kwenye nyufa za mbao usiku kunyonya damu, humtoa hamu. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito gizani. Ikirudi na madoa mekundu, safisha banda kwanza, kisha vunja mayai mengine sita baada ya wiki tatu.